Kwa nini tunawapenda wahusika waliopita tu kwenye Star Wars kuliko hata stelingi?

#1 Mlinzi wa Zamu
Wakuu salaam. Kuna jambo linanikereketa muda mrefu, leo nalishusha hapa.

Boba Fett, yule mwindaji wa kulipwa. Filamu ya 1980 alisema sentensi nne. Ya 1983 hakusema neno, alipiga ukelele tu: Han Solo, ambaye macho yalikuwa bado hayaoni sawasawa, alimgonga mgongoni kwa bahati, mtambo wa kurukia ukawaka wenyewe, jamaa akajipiga ubavuni mwa mashua na kuporomokea kwenye shimo la Sarlacc. Ukijumlisha muda wake wote kwenye filamu hizo mbili haufiki dakika kumi. Lakini ana midoli, ana vitabu, na Desemba 2021 akapewa tamthilia yake mwenyewe.

Si yeye peke yake. Kuna rubani, kuna askari aliyejigonga kichwa, kuna jamaa anayekimbia na chombo mkononi kwa sekunde moja au mbili. Wote wana mashabiki wanaoweza kugombana kwa ajili yao.

Hoja yangu: tunawapenda kwa sababu hawakuelezwa. Luke, stelingi mwenyewe, tunamjua mpaka shangazi yake na maziwa anayokunywa. Boba Fett tulipewa helmeti iliyobonyea na suti iliyochubuka rangi. Halafu Darth Vader, mtu anayekaba maofisa wake, anapita mbele ya wawindaji wa kulipwa, anafika kwake, anamnyooshea kidole yeye tu na kumwonya asije akateketeza mtu. Maana yake kuna kisa kilishatokea. Hatukuambiwa, tukakitunga wenyewe, na ulichokitunga mwenyewe hukiachi.

Mwenye hoja nyingine aje nayo.

#2 Chale Mkwezi
Nimeshakaa siti ya mbele.

#3 Dokta Kaseti
Mkuu, hoja nzuri ila umeruka chanzo. Boba Fett hakuanzia 1980. Alionekana kwenye katuni fupi ndani ya kipindi cha sikukuu kilichorushwa na CBS kule Marekani, Novemba 17, 1978. Na Septemba ya mwaka huohuo mtu aliyevaa suti yake alishatembea barabarani na Darth Vader kwenye gwaride la mji wa San Anselmo, California.

Kisha ikaja kampuni ya midoli, Kenner. Hawa ndio waliouza boksi lenye cheti Krismasi ya 1977, kwa sababu midoli yenyewe ilikuwa haijawa tayari, na watu wakanunua. Wakatangaza kwamba ukikusanya vithibitisho vinne vya ununuzi na kuvituma kwa posta, utaletewa mdoli wa Boba Fett. Mwanzoni uliahidiwa na kombora la kufyatuka mgongoni. Kombora likaondolewa kwa hofu ya watoto kupaliwa nalo, waliopokea mdoli wakakuta limegandishwa. Mifano ya majaribio iliyobaki, yenye kombora linalofyatuka, inagombaniwa minadani. Mmoja mwaka 2024 ulivuka dola 500,000.

Kwa hiyo mtoto wa Kimarekani alimngoja tarishi kabla hajamwona Boba Fett sinema. Filamu ilikuta mapenzi yapo tayari. Fumbo mnalolisema lilikuja baadaye.

#4 Zena wa Tanga
Dokta, kama ni midoli, nieleze Wedge Antilles. Enzi za filamu zile tatu Kenner hawakumtengenezea mdoli, na bado watu wanamtaja kama ndugu yao.

Jibu tunalo sisi tuliokulia vibanda umiza. Si tulikuwa tunaambiana stelingi hafi? Sasa ukishajua hivyo, Luke akiingia kwenye ule mfereji wa Nyota ya Kifo, ile ngome ya adui angani, roho haikuruki kwa ajili ya Luke. Atatoka, tiketi umeshalipia. Roho inakuruka kwa wale wengine. Porkins, kwisha. Biggs, rafiki wa Luke tangu utotoni, kwisha. Wedge ndege yake inapigwa, Luke anamwambia ajitoe, anajitoa mzima. 1980 yuko Hoth kwenye theluji, yeye na mwenzake wa kiti cha nyuma wanaizungusha kamba miguuni mwa lile dubwana la chuma mpaka linaanguka kifudifudi. 1983 anaingia mpaka kwenye kiini cha Nyota ya Kifo ya pili pamoja na Lando, rafiki wa Han Solo, anapiga alichotumwa kupiga, anatoka tena.

Hana Nguvu, hana upanga wa mwanga, baba yake hajulikani na mtu. Hakuwa na kinga ya stelingi na alirudi nyumbani mara zote tatu. Mimi siwezi kumhofia mtu mwenye kinga. Ninayemhofia ndiye ninayempenda.

#5 Chale Mkwezi
Zena umemaliza. Wengine tufunge uzi.

#6 Fundi Redio
Haufungwi, ndio kwanza kumekucha.

Nyongeza kwa Zena. Anayemwigiza Wedge ni Denis Lawson, mjomba wa Ewan McGregor, yule aliyekuja kuwa Obi-Wan. Lakini ukirudia ile ya 1977, kwenye kikao cha marubani kabla ya vita, aliyekaa pembeni ya Luke na kusema kazi hii haiwezekani ni mwigizaji mwingine kabisa, na sauti waliibandika ya mtu wa tatu. Yaani Wedge wa filamu ya kwanza ni watu watatu walioungwa. Na bado tukampenda kama mtu mmoja. Kwa hiyo wale wanaosema ni mvuto wa mwigizaji, hapo hoja imekatika.

#7 Muthoni254
Niaje wadau. Mnaongea marubani na hakuna amemtaja Nien Nunb? Siwezi nyamaza.

Yule wa mashavu makubwa na macho meusi, anaendesha Falcon, meli ya Han Solo, na Lando kwenye ile vita ya mwisho ya 1983. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, na anaongea Gikuyu. Gikuyu ya kweli, si maneno ya kubahatisha.

Tulikuwa tunaiangalia kwa shosho, Nyeri. Yeye alikuwa pembeni anachambua njahi kwa ungo, hana habari na hiyo vita yetu. Nien Nunb akasema ile ya "ukai haha", yaani njooni hapa. Shosho akainua kichwa, ungo umebaki mapajani, akatuuliza, "Ni nani huyo anatuita?" Ikabidi turudishe nyuma asikie tena. Akasikiliza, akasema jamaa anaharakisha maneno lakini ni mtu wa nyumbani. Mpaka tunamaliza hakurudi kwa njahi.

Na 2015 waliporudisha Nien Nunb kwenye filamu mpya, walimrudisha na Rotich. Basi mkiniuliza kwa nini nampenda, hiyo ndiyo sababu yangu. Alinisemesha.

#8 Mwana wa Kagera
Dada Muthoni hongera, ila mimi nilishasoma mahali kwamba pale kinaongewa Kihaya.

#9 Chale Mkwezi
Wahaya jamani! Mpaka angani mmefika?

#10 Fundi Redio
Mwana wa Kagera, hiyo ya Kihaya inazunguka sana mitandaoni. Lakini Kikuyu kipo wazi kwa anayekijua, kama shosho wa Muthoni. Rotich mwenyewe ni Mkalenjin kwa jina, na wapo wanaosema na Kikalenjin alikichomeka. Sikiliza mwenyewe utuletee majibu.

#11 Mwana wa Kagera
Nasikiliza leo usiku na mzee wangu. Nitarudi.

#12 Mtu Chake
Habari za usiku. Nitatofautiana kidogo na furaha hii.

Ben Burtt, fundi wa sauti wa filamu hizi, alikuwa na kawaida. Wale Jawa wafupi wa kofia, alianzia Kizulu akakipandisha kasi. Greedo pale baa, msingi wake ni Kiquechua cha milima ya Andes. Nien Nunb, Kikuyu. Sasa tazameni mgawanyo: stelingi wote Kiingereza, viumbe wa ajabu wanapewa lugha za watu weusi na watu wa milimani, kwa hesabu kwamba mtazamaji wa Marekani hatazielewa na ataziona kama milio. Nien Nunb nampenda pia. Lakini kabla ya kupiga makofi tuulize kwa nini lugha ya shosho ilionekana inamfaa mtu mwenye mashavu yale.

#13 Muthoni254
Mtu Chake, hiyo nimeipokea na si ndogo. Jawa wanauza roboti mbovu na wanachekwa, hapo niko na wewe.

Lakini angalia Nien Nunb amekaa wapi. Amekaa kiti cha Chewbacca, rubani mwenza wa Han Solo, kwenye meli inayoongoza vita nzima. Anaongea Gikuyu, Lando anamjibu Kiingereza, na kazi inaenda. Lando hamuulizi amesema nini, hamwambii arudie. Wakisikia kinga ya Nyota ya Kifo bado iko juu, ni hawa wawili wanajadiliana, kila mtu na lugha yake, kama matatu ya Nairobi. Sijaona filamu nyingi za Hollywood za miaka hiyo ambazo mtu anaongea lugha ya kwetu akiwa kazini, anaheshimiwa, na hakuna anayeguna.

#14 Mtu Chake
Kwa Lando umenipata. Kesi ya Jawa bado naishikilia.

#15 Bi Shani
Naomba kusema la fundi cherehani. Mpwa wangu Mombasa alitaka avae Boba Fett kwenye sherehe ya shule. Nilimshonea suti ya khaki ya kijani, vipande vya kifuani nikakata kwenye dumu la plastiki, helmeti baba yake alihangaika nayo kwa boksi na rangi. Mtoto alipovaa hakuna aliyemwambia hafanani. Mwaka uliotangulia alitaka kuwa Luke, watoto wenzake wakamwambia Luke ni mzungu mwenye nywele za dhahabu. Akalia.

Ndani ya helmeti ni yeyote. Mtoto wa kike, wa kiume, mweusi, mwembamba. Nadhani hata wakubwa ni hivyohivyo. Kile kikundi cha mashabiki kinachoitwa 501st Legion, kilichoanzia Marekani 1997, hakikuanza kwa watu kuvaa Han Solo. Walivaa askari weupe wasio na majina. Na aliyekuwa ndani ya suti ya Boba Fett 1980, Jeremy Bulloch, sauti haikuwa hata yake, ilikuwa ya Jason Wingreen. Kwenye diski za 2004 wakaifuta wakaweka ya Temuera Morrison, Mmaori wa New Zealand. Suti ileile imebeba watu watatu.

Kwa hiyo Mlinzi, mimi sisemi ni fumbo. Nasema ni nafasi. Imeachwa wazi ili mtu aingie.

#16 Mlinzi wa Zamu
Bi Shani, shikamoo. Hiyo ya mpwa wako imenigusa. Lakini Wedge hana cha kuficha uso, na wala Nien Nunb. Nafasi gani pale?

#17 Bi Shani
Marahaba mwanangu. Kwa Wedge muulize Zena. Mimi nimesema ya suti, ndiyo niijuayo.

#18 Ekstra Mstaafu
Nimesoma wote. Naona mnaongea kutoka upande wa kiti. Mimi niseme kutoka upande wa kamera, maana nimefanya uekstra Dar muda mrefu kabla sijaacha.

Uekstra ni hivi. Unaitwa alfajiri, unakuja na nguo zako, unaambiwa pita pale usitazame kamera. Siku moja nilipewa beseni la samaki wa kukaanga nipite nyuma ya stelingi anapoachana na mchumba wake. Yule kaka kila akifika kwenye kulia anasahau maneno, tunaanza upya. Nilipita mpaka samaki wakapoa, nzi wakajua njia. Pesa niliyoahidiwa sikuiona, na kampuni siitaji. Lakini sikilizeni: kichwani mwangu yule mama wa samaki alikuwa na jina. Alikuwa na mtoto shule ya bweni. Na yule binti anayeachwa alikuwa anamfahamu, alishamkopesha. Hakuna aliyenituma nifikirie hivyo. Huwezi kupita mahali palepale kutwa nzima bila kuwa mtu.

Sasa rudini kwenye filamu ya 1983, chini ya jumba la jambazi Jabba. Luke anaangushiwa kwenye shimo la Rancor, anarusha fuvu kwenye kitufe, lango linashuka shingoni mwa mnyama, kwisha. Sisi tunashangilia. Halafu anaingia jamaa mnene, kifua wazi, kitambaa kichwani. Anamwangalia yule mnyama alivyolala. Uso unakunjika. Analia, lakini kulia kwa msiba kabisa, na mwenzake anamshika anaondoka naye. Aliyeigiza ni Paul Brooke. Sekunde chache na hatumwoni tena.

Filamu haikuwa na shida naye hata kidogo. Ungemkata, hadithi isingepungua. Lakini kwa zile sekunde unajua kwamba lile dude lilikuwa na mtu aliyelilisha, aliyejua lilalavyo, na kwamba stelingi wetu ameua kipenzi cha mtu. Hakuna aliyetoa hotuba. Paul Brooke aliingia pale na maisha yake yote ya yule mtunza mnyama, akayaonyesha, akatoka. Mimi nikimwona yule naona kazi yangu. Na nadhani mtazamaji asiyejua lolote kuhusu uekstra anaihisi pia: huyu mtu alikuwepo kabla kamera haijafika, na kamera ikiondoka ataendelea kuwepo.

#19 Zena wa Tanga
Nimerudia kipande hicho sasa hivi. Miaka yote nilikuwa nakicheka. Leo sikucheka.

#20 Chale Mkwezi
Mama samaki, yule mtoto wa bweni alifaulu?

#21 Ekstra Mstaafu
Alifaulu, yuko chuo mwaka wa pili. Yule binti ndiye hajalipa deni.

#22 Mzee wa Kanda
Vijana mmesahau kwamba sisi muvi hatukuziangalia, tulisimuliwa. Dar alikuwepo Lufufu. Kenya wana DJ Afro. Uganda ma-VJ wao wapo mpaka leo. Na msimuliaji hodari hakumwacha mtu apite bure. Mlinzi wa getini aliyekula ngumi moja na kulala, alipewa jina, kabila, na kodi ya nyumba anayodaiwa. Mimi kuna walinzi wa filamu za Kihindi ninaowakumbuka kwa majina ambayo mtunzi wa filamu hakuwahi kuyajua.

Wamarekani walifanyiwa kitu hichohicho. Wale viumbe wa baa ya Mos Eisley, 1977: Stuart Freeborn aliyekuwa akiwatengeneza aliugua kazi haijaisha, Rick Baker na timu yake wakaongezea wengine California, wakapigwa picha baadaye na kuunganishwa. Mtazamaji alitoka sinema hajui jina hata la mmoja aliyekaa pale anakunywa. Midoli ilipotoka, kadi ikataka jina, wakaandikwa Hammerhead, Walrus Man, Snaggletooth. Huyo Snaggletooth ana kisa. Waliotengeneza mdoli walikuwa na picha ya kichwa na kifua tu. Wakamfanya mrefu, nguo za buluu, buti kubwa. Kumbe kwenye filamu ni mfupi na nguo nyekundu. Wakarekebisha, na yule wa buluu aliyekosewa ndiye wakusanyaji wanamwinda mpaka leo. Kisha 1995 ukatoka mkusanyiko wa hadithi, kila mnywaji wa ile baa akapewa maisha yake.

Nasema hivi: hatumpendi mtu wa pembeni. Tunampenda aliyetusimulia habari zake.

#23 Dokta Kaseti
Mzee wa Kanda, hiyo ni hoja yangu ya #3 umeivalisha kanzu.

#24 Mzee wa Kanda
Yako ni ya dukani, yangu ni ya mdomoni. Kenner hawakumwambia mtoto ni nani alimkosea Walrus Man. Mtoto alijisimulia mwenyewe uani.

#25 Mlinzi wa Zamu
Basi imerudi kwenye #1: anayejaza pengo ni mtazamaji.

#26 Mzee wa Kanda
Bila msimuliaji wa kwanza hulioni pengo lenyewe.

#27 Dokta Kaseti
Mkiwa bado na wawindaji wa 1980, tazameni kichwa cha IG-88, lile roboti refu jembamba lililosimama kwenye mstari pamoja na Boba Fett. Kichwa kile kilishatumika 1977 pale baa, nyuma ya kaunta, kama mtambo wa vinywaji. Na kabla ya kuwa mtambo wa vinywaji kilikuwa kipande cha injini ya ndege ya jeti. Mafundi waliokota walichonacho. Na wale wawili wengine, Zuckuss na 4-LOM, Kenner waliwabadilishia majina, wa huku akaitwa wa kule. Watu waliopewa uangalizi mdogo hivyo na bado kuna shabiki anayejua bunduki ya kila mmoja.

#28 Kijana wa Mbezi
Nitasema ambalo hamtalipenda. Sehemu kubwa ya mapenzi haya ni kutaka kuonekana unajua. Kila mtu anamjua Luke, hakuna sifa hapo. Ukimtaja Zuckuss, umejitenga na watu wa kawaida. Hata uzi huu umejaa hiyo kitu.

#29 Zena wa Tanga
Kijana, shosho wa Muthoni alikuwa anajitenga na nani?

#30 Kijana wa Mbezi
Shosho namtoa. Ninyi wengine siwatoi.

#31 Fundi Redio
Kijana ana chembe ya ukweli, lakini sifa haidumu miaka arobaini. Yule askari mweupe wa 1977, wanaingia chumba cha udhibiti na mmoja anajigonga paji la uso kwenye mlango. Ilikuwa ajali, ikabaki ndani ya filamu. Wangeweza kuificha baadaye. Badala yake 2004 waliiongezea mlio wa kugonga, na kwenye filamu ya 2002 walishamfanya Jango Fett, baba wa Boba, ajigonge mlangoni mwa meli yake makusudi. Hapo mashabiki na watengenezaji walikuwa wanacheka pamoja. Hakuna ujuzi wa kuringia, kila mtu alishawahi kujigonga.

#32 Mtu Chake
Na mkumbuke 2015 askari mmoja mweupe alivua helmeti, ndani yake akawa John Boyega, akawa stelingi. Kisha katika filamu hiyohiyo askari mwingine anamwita msaliti, anatupa ngao na kuzungusha fimbo ya umeme. Dakika moja hivi. Wiki haikuisha mashabiki wameshampa jina na picha za kuchekesha dunia nzima. Ukweli ni kwamba huyo aliyebaki na helmeti alinivutia zaidi. Anaamini anachokipigania, na hatutajua kwa nini.

#33 Kijana wa Mbezi
Tukitoka kidogo Star Wars: Star Trek ya kuanzia 1966 wale wa mashati mekundu walikuwa wanakufa kila sayari wakishuka. Lakini kuna Leslie, aliigizwa na Eddie Paskey, yuko nyuma kwenye vipindi vingi. Kipindi kimoja alikufa kabisa. Baadaye yumo tena, anaendelea na kazi kama kawaida.

#34 Zena wa Tanga
Huyo Leslie ni Wedge aliyezidi!

#35 Muthoni254
Ukigusa Star Trek umguse Uhura pia, jina lake limetoka kwa uhuru wetu. Nichelle Nichols alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King akamwambia abaki, kwa sababu watoto weusi walikuwa wanamwona pale.

#36 Mlinzi wa Zamu
Uhura si wa pembeni, tumuwekee uzi wake. Nataka kuwauliza hivi: tamthilia ya Boba Fett ya 2021 mliionaje? Kwangu ndiyo ushahidi. Walimvua helmeti, wakamweka kwenye tangi la maji la tiba, wakatuonyesha utoto wake, machungu yake, mipango yake. Kila pengo likajazwa na mtu mwingine. Nilimaliza vipindi vyote saba nikiwa namjua vizuri na simhofii tena.

#37 Bi Shani
Mpwa wangu aliipenda sana. Alipoona Boba Fett ana makovu usoni na amelelewa upya na watu wa jangwani, aliniomba nimshonee joho lile jeusi.

#38 Ekstra Mstaafu
Mlinzi, usimwonee. Mtu akipita nyuma miaka arobaini, siku akiitwa mbele tunamwambia rudi ulikotoka, ulikuwa mtamu ukiwa kimya? Mimi nilifurahi kwa ajili yake.

#39 Mlinzi wa Zamu
Hapo umenibana. Lakini furaha kwa ajili yake na woga niliokuwa nao juu yake ni vitu viwili. Cha pili kimeondoka.

#40 Chale Mkwezi
Na yule jamaa wa #1 wa sekunde moja ni nani? Hamjamtaja mpaka sasa.

#41 Dokta Kaseti
Anaitwa Willrow Hood. 1980, mji wa mawinguni unahamwa, Lando katoa tangazo, watu wanakimbia. Anapita jamaa mwenye ovaroli ya rangi ya chungwa amekumbatia chombo cheupe. Ukisimamisha picha unaona ni mashine ya kutengenezea aiskrimu ya nyumbani. Mashabiki huvaa ovaroli ile na kukimbia kwa pamoja na mashine zao kwenye makongamano yao. Na 2019 tamthilia ya The Mandalorian ikaonyesha chombo cha umbo lilelile, kikafunguliwa, ndani kuna madini ya thamani. Kwa hiyo sasa jamaa alikuwa anaokoa mali.

#42 Zena wa Tanga
Mimi nilipenda zaidi alipokuwa anaokoa aiskrimu.

#43 Mwana wa Kagera
Nimerudi. Tumesikiliza na mzee. Anasema maneno mawili matatu yanafanana na ya kwetu, lakini lugha za Kibantu zinafanana, hawezi kuapa. Ametaka turudie mara kadhaa, akaishia kuvutiwa na lile roboti jekundu la mwanzoni, R5-D4. Mjomba wa Luke anamnunua, anatembea hatua chache, kichwa kinalipuka moshi, ndipo wanamchukua R2-D2 badala yake. Mzee anasema lile roboti lingekuwa zima, Luke asingeiona picha ya Leia ya kuomba msaada iliyokuwa ndani ya R2-D2, na hakuna filamu.

#44 Fundi Redio
Mzee wako amegusa kunako. Wapo mashabiki wanaoshikilia kwamba alijilipua makusudi.

#45 Dokta Kaseti
Kwenye filamu hakuna dalili hiyo. Injini ilikuwa mbovu, Jawa wale wanauza vibovu.

#46 Mtu Chake
Tazama jinsi R2 anavyohangaika pale nyuma wakati mwenzake anachukuliwa. Kisha tazama R5 anavyosimama ghafla. Mimi siamini ni ubovu.